Prosesa ya kompyuta ya gemu: nibaki AM4 na RAM niliyonayo, au nijipinde niende AM5? (Niko Mtwara)

mkoroshoni
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuunda kompyuta ya gemu, bajeti ni milioni 2 na laki 3. Tayari ninavyo: RAM ya DDR4 3200 vipande viwili vya GB 8, SSD ya M.2 ya GB 500, na monita ya 1080p yenye 144 Hz. Gemu ni Valorant, Counter-Strike 2, EA FC na GTA V. Vilivyobaki nitaagiza Kariakoo vije na basi.

Nimekwama kati ya Ryzen 5 5600 (ya soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye bodi) na Ryzen 5 7600 (ya AM5). Kuna mdau kanitajia pia i5-12400F ya Intel. Niko Shangani, chumba hakina kiyoyozi, na upepo wa bahari unaingia mchana kutwa. Nishike ipi, na kwenye mazabodi gani?

fundi_ligula
Mkuu, RAM yako imeshaamua nusu ya swali. AM5 haipokei DDR4 kabisa. Ukichukua 7600, vipande vyako viwili vinakuwa vya kuuza, halafu unanunua DDR5, ambayo bei yake ilipanda vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vya chipu vinakimbilia vituo vya data vya AI. Hela hiyo ingekaa kwenye kadi ya grafiki.

Chukua 5600: viini 6, nyuzi 12, kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, wati 65, na ya boksi inakuja na feni yake. Usikubali kubadilishiwa ukapewa 5500 au 5600G kwa maneno ya "ni ile ile tu". Hizo mbili zina kashe ya MB 16 na PCIe 3.0 (njia ya data ya kadi, toleo la zamani), na kwenye gemu tofauti inaonekana. Soma maandishi yaliyo juu ya chuma cha prosesa, usiishie kwenye boksi.

Mazabodi iwe B550. A520 na B450 zinawasha vizuri tu, ila njia ya kadi ya grafiki inabaki PCIe 3.0. Kadi kama RX 6600 inatumia njia 8 badala ya 16, kwa hiyo kwenye 3.0 inapoteza kidogo. RX 6500 XT ina njia 4 tu, hiyo kwenye 3.0 inaumia kweli. Usiiguse.

Hesabu yangu: karibu nusu ya hela iende kwenye kadi, yaani RX 6600 ya GB 8, au RTX 3060 ya GB 12 ukiipata kwa bei ya haki. Kama ni ya mtumba, muuzaji akutumie video ya FurMark (programu ya kuilemea kadi) ikizunguka dakika 15 huku programu ya GPU-Z inaonyesha joto na kasi ya feni. Picha ya skrini peke yake haitoshi.

Kuhusu 12400F, ni prosesa nzuri, inakaribiana na 5600, na zipo mazabodi za DDR4. Zile habari za prosesa za Intel kuharibika kwa volti zilihusu kizazi cha 13 na 14. Hii ya kizazi cha 12 haimo. Ukiikuta na bodi ya B660 ya DDR4 kwa bei ya chini kuliko 5600 na B550, chukua bila wasiwasi.

nachingwea_pc
Namheshimu fundi, ila AM4 ni nyumba inayofungwa. Soketi ile ni ya 2016. AM5 ilitoka Septemba 2022 na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Leo ukiweka 7600 kwenye B650, baadaye unachomoa prosesa tu na kuweka 9800X3D, bodi na RAM zinabaki. Kwa CS2 na Valorant prosesa ndiyo inayobeba mzigo, kadi haina kazi kubwa.

Halafu 7600 ina grafiki ndogo ndani yake. Kadi ikifa, kompyuta bado inaonyesha picha. 5600 haina, na 7500F, ndugu ya 7600, nayo haina.

Angalizo kwa wanaokwenda AM5: mara ya kwanza kuwasha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa kwa sababu bodi inaipima RAM. Watu wengi huzima hapo wakidhani imekufa. Iache. Na ukinunua bodi ya mtumba, mulika soketi kwa tochi ya simu, maana pini ziko kwenye bodi, na ikipinda moja tu nafasi nzima ya RAM inaweza kukataa.

fundi_ligula
Hoja ya CS2 naikubali, 7600 inashinda. Ila monita yake ni 144 Hz. Valorant kwa 5600 inavuka hapo bila jasho. CS2 itashuka kidogo kwenye moshi mzito, basi. Na AM4 haijafungwa kabisa: 5700X3D yenye kashe ya MB 96 inaingia kwenye bodi hiyo hiyo ya B550, kwa sasa itafute kwenye mtumba. Mwenye kuanza bila RAM mkononi, hapo ningesema kama wewe.

pwani_lindi
Mnabishana prosesa, mtu anakaa Shangani! Pawa saplai kwanza. Wati 550, Bronze, ya kampuni inayojulikana. Zile zinazokuja bure ndani ya kasha ziache huko huko. RX 6600 inakula wati 132 tu, lakini umeme ukirudi kwa kishindo ndipo saplai dhaifu inapoondoka na bodi.

Gesi tunayo Mnazi Bay, ila umeme ukicheza haukuulizi. Weka UPS (betri ya dharura) ya VA 1000. Ya VA 650 inatoa kama wati 360 kwenye karatasi, na katikati ya gemu, betri ikichoka kidogo, inazima kila kitu. Hata hiyo ya 1000 ni ya kukupa dakika chache uzime kwa utaratibu, si ya kumaliza mechi.

Hewa ya chumvi: kasha lisikae dirishani, wala sakafuni. Weka feni mbili mbele zenye chujio na moja nyuma. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, feni ya boksi itaishikilia 5600, ila kelele utazisikia. Kipoza cha mnara cha feni moja kinamaliza hilo.

mkoroshoni
Nimeelewa, naenda 5600 na B550. Swali la mwisho: nasikia bodi za zamani haziitambui hadi BIOS (programu ya msingi ya bodi) isasishwe. Nitaijuaje? Na Valorant inadai TPM (kipengele cha usalama) kwenye Windows 11.

fundi_ligula
B550 zilizokaa stoo zinaweza kuwa na BIOS ya 2020, na 5600 ilitoka Aprili 2022. Kwa hiyo nunua bodi yenye kitufe cha Flashback, cha kusasisha BIOS. Flashi iwe imefomatiwa FAT32, faili ulifungue kutoka kwenye zip na ulipe jina wanalotaka (MSI ni MSI.ROM, Gigabyte ni GIGABYTE.bin). Chomeka kwenye tundu la USB lenye alama ya kazi hiyo, unganisha waya wa pini 24 na wa pini 8, prosesa si lazima iwepo. Bonyeza kitufe, taa itawaka na kuzima. Usiguse hadi itulie yenyewe. Fanya hivyo ukiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati kwenye bodi isiyo na kitufe hicho, umebaki na ubao.

Chukua BIOS yenye AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) 1.2.0.7 au mpya zaidi, kwa sababu kwenye matoleo ya nyuma fTPM (TPM iliyomo ndani ya prosesa) ilikuwa inafanya gemu ikwame kwa sekunde. Kisha ndani ya BIOS: washa fTPM, zima CSM (uwashaji wa mtindo wa zamani), washa Secure Boot, washa XMP (kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM nyingi za 3200 huishia 2133 au 2400. RAM ikae tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye bodi. Ukimaliza, ingia Windows uipandishe monita kutoka 60 hadi 144 Hz, haijipandishi.

Na siku utakayotoa kipoza, washa kompyuta kwanza dakika 10 pasta ilainike, zima, kisha kizungushe kushoto kulia kabla ya kuinua. Ukikivuta moja kwa moja kinang'oka na prosesa, pini zake zikiwa wazi.