Aliyeacha kujaza risasi nyumbani akitaka kurudi: aachwe, azuiwe au apimwe upya?

Mleta mada

Wakuu, suala hili kila likiguswa watu wanapandisha hasira kabla hoja haijakaa. Nalileta tulijadili taratibu.

Wako walenga shabaha na wawindaji ambao zamani walikuwa wakijaza risasi zao wenyewe nyumbani. Kazi zikawabana, watoto wakaja, wakahama nyumba, shughuli ikaishia stoo. Uhaba wa 2020 hadi 2022 ukawakumbusha, maana risasi na hasa praima, kile kidude cha kuwashia baruti, ziliadimika mno madukani. Sasa wanataka kurudi. Presi, yaani mashine ya kujazia, ipo, maganda yapo kwenye ndoo, na wengine bado wana kopo la baruti ambalo hawakumbuki walilifungua lini. Je, sheria iwaache warudi tu, iwazuie kabisa, au iwapime upya kana kwamba ndio wanaanza?

Kwa asiyeijua shughuli yenyewe: risasi nzima ina vitu vinne. Ganda la shaba ya njano, praima kule kitakoni inapogonga pini, baruti ndani, na kichwa mbele. Ukifyatua, kichwa kinaondoka, praima na baruti zinaungua, ganda linabaki zima. Mjazaji analisafisha, anang'oa praima iliyokufa, analirudisha umbo lake kwa kalibu, anabana praima mpya, anapima baruti, anakalisha kichwa kingine.

Nchi zinatofautiana. Marekani, sheria ya shirikisho haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake. Leseni inahitajika akigeuza kuwa biashara. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2006, sasa mtu wa kawaida hauziwi praima mpaka aoneshe cheti cha silaha au sababu nyingine inayotambuliwa kisheria. Ujerumani baruti iko chini ya sheria ya vilipuzi: unakaa kozi, unafanya mtihani, unapewa kibali ambacho kwa kawaida ni cha miaka 5, kisha unaomba tena.

Mimi niko upande wa Wajerumani, na simuwazii mhalifu hapa. Namuwazia mtu mwema mwenye mikono inayokumbuka. Anayeanza anaogopa, anasoma kila ukurasa, anapima mara mbili. Anayerudi anafungua daftari lake la zamani na kufuata namba aliyoiandika mwenyewe. Namba hiyo huenda imeshapitwa. Viwanda hubadilisha mchanganyiko, baruti mbili huwa na majina yanayokaribiana, na vyombo vya kupima shinikizo la ndani ya mtutu vimeboreka, kwa hiyo kipimo cha juu katika kitabu cha zamani kinaweza kuwa juu ya kile kinachokubalika leo. Na shinikizo tunalolizungumzia si la mchezo. Kwa 9mm Luger, risasi ya kawaida ya bastola, taasisi ya viwango ya viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, SAAMI, imeweka ukomo wa pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama 32. Vidole vyako viko sentimita chache kutoka hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, wewe unaongelea vidole vya mjazaji, mimi naongelea hesabu ya nchi. Azuiwe kabisa.

Mahali ambapo kila risasi inayouzwa inaandikwa kwenye kibali, ganda linalojazwa upya linaliua daftari. Piga mahesabu: mtu kanunua risasi 100, zimeandikwa. Maganda yale akiyajaza mara 5 tu, jumla amefyatua 600, na daftari linazijua 100. Hizo 500 zimetoka wapi? Hazina namba ya kiwanda wala tarehe. Leo ni mzee mstaarabu na bunduki ya kuwindia, kesho mpwa wake anajua boksi linakaa wapi. Kozi na mtihani havijibu swali hilo.

Mleta mada

Hoja nzito hiyo, wala siikwepi. Ila umeshika mwisho usio sahihi wa kamba. Ganda linarudiwa, praima hairudiwi. Ikishagongwa imekwisha, na kila risasi, mpya au ya kujazwa, inakula praima moja. Kwa hiyo mwenye kuhesabu praima amehesabu risasi. Zile 500 zako zingesomeka kwenye kibali kama praima 500. Nafikiri ndiyo maana Waingereza waliikaba praima na kuliacha ganda, kwani maganda yameshatapakaa viwanjani na hakuna anayeweza kuyahesabu tena.

Suala la mpwa ni la ufunguo na kabati. Risasi ya dukani nayo inaibwa.

Mchangiaji wa pili

Samahani kaka zangu, mbona mnaongea kama vile humo nyumbani hakaishi mtu mwingine? Mimi niliishi na mjazaji. Tatizo langu halikuwa mlipuko, lilikuwa vumbi.

Praima nyingi bado zina kemikali yenye madini ya risasi, hayo hayo yaliyoondolewa kwenye petroli na rangi kwa kuharibu ubongo wa watoto. Ganda likifyatuliwa, masizi yanabaki ndani. Sasa mtu anayamwaga maganda kwenye chombo cha kuzungusha chenye unga wa maganda ya karanga ngumu au magunzi, kinazunguka masaa, halafu anafungua kifuniko na kuchekecha sebuleni. Lile wingu linatua kwenye zulia ambapo mtoto anatambaa. Wenyewe wanaojali wanaosha kwa maji na sabuni ili vumbi lisiruke, na hawali wala kunywa kwenye meza hiyo. Wangapi wanafanya hivyo?

Na hilo la kuhifadhi. Kanuni za NFPA, shirika la kinga ya moto la huko Marekani, zinaruhusu makazi kuwa na hadi pauni 20 za baruti isiyo na moshi ikiwa kwenye makopo yake ya asili. Hizo ni kilo 9. Kwenye ghorofa tunalochangia ukuta, ukutani kwangu kilo 9? Mtihani wenu uulize kwanza anaishi wapi na nani.

Mchangiaji wa tatu

Nimejaza muda mrefu, nikaacha, nikarudi, kwa hiyo hapa ndipo kwangu.

Dada, kwenye vumbi uko sahihi kwa asilimia zote, tena wengi wetu tunalipuuza kuliko jambo lolote. Kwenye kilo 9 punguza hofu kidogo. Baruti ya kisasa ikiwa kwenye kopo lake inaungua vibaya, ila kopo limetengenezwa lipasuke upesi kabla shinikizo halijapanda. Balaa ni mjuaji anayeihamishia kwenye chombo cha chuma kinachokaza. Praima ndizo za kuogopa. Zile trei za plastiki zinazotenganisha moja na nyingine zina sababu yake: ukizimwaga zote kwenye mtungi wa kioo, moja ikilipuka zinafuatana.

Sasa mleta mada. Mtihani wa karatasi haunisaidii kitu, na sababu ni hii. Makosa yanayoumiza watu hayatokani na kutojua. La kwanza ni ganda lisilo na baruti: praima peke yake inakisukuma kichwa kinakwama katikati ya mtutu, mfyatuaji anasikia mlio hafifu, anadhani si kitu, anafyatua ya pili, mtutu unapasuka. La pili ni ganda lililotiwa mara mbili. Baruti kali za bastola huchukua nafasi ndogo, chini ya nusu ya ganda, hivyo dozi mbili zinaingia bila kumwagika. Kila mjazaji anayajua haya. Yanatokea simu ikiita.

Dawa yake ni tabia. Mimi nayapanga maganda 50 kwenye ubao wenye matundu, na kabla sijakalisha kichwa hata kimoja namulika tochi juu na kuinama, nikipita safu kwa safu. Baruti inaonekana kama sakafu ndogo ya kijivu ndani ya kila ganda, na ile iliyopanda au kushuka jicho linaikamata papo hapo. Pia nachagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo ukiirudia inafurika mezani. Karatasi gani itapima hilo?

Kwa maganda ya zamani, nenda nayo pole. Ganda la bunduki ndefu likishanyooshwa mara nyingi huchoka juu kidogo ya kitako. Kwa nje unaona mstari unaong'aa kuzunguka. Kwa ndani chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uburute ukutani kutoka chini kwenda juu. Ukinasa kwenye mfereji, ganda hilo litakatika siku moja likiwa ndani ya chemba ya bunduki, lipondeponde. Chungulia na sakafu ya ganda pia: tundu moja katikati ni mfumo wa Boxer, praima yake inang'oleka kirahisi, matundu mawili madogo ni Berdan, yatakuvunjia pini ya kung'olea. (Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, halafu Wamarekani wakachukua wa Boxer na Ulaya wakakaa na wa Berdan miaka na miaka. Dunia hii.)

Na lile kopo ambalo hakumbuki alilifungua lini: anuse. Harufu ya ukali wa asidi, au vumbi jekundu la kutu, maana yake kiimarishaji kimekwisha na baruti inajioza. Haichanganywi na nyingine wala kujaribiwa "kidogo tu".

Sheria moja ningeipigia kura kwa mikono miwili: usimpe mtu mwingine risasi uliyoijaza. Chukua .45-70, risasi ya bunduki ndefu ya tangu zamani. Kuna Springfield za muundo wa 1873 zenye kufuli dhaifu, na kuna bunduki za sasa za chuma kigumu, zote zinakula ganda hilo hilo. Risasi kali uliyoijazia bunduki ya kisasa inaingia kwenye ya babu bila kukwama, na babu hana jicho tena.

Mleta mada

Hapo umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Mtihani wangu basi usiwe wa karatasi. Mwombaji awekewe ubao wa maganda 50, moja limetiwa mara mbili, moja tupu. Pembeni maganda matano, moja lina ule mfereji wa ndani. Kopo mbili, moja limeoza. Simu ya mtahini iite katikati ya kazi. Akitambua vyote, amepita. Na ya dada iingie: mkaguzi aone meza iko wapi na watoto wanalala wapi. Mwenye ukuta wa kuchangia apunguziwe kiasi anachoruhusiwa kuweka.

Mtu aliyekaa nje miaka 5 apitie hapo hata kama alikuwa fundi wa mafundi.

Mchangiaji wa kwanza

Tuseme nimekubali, japo sijakubali. Akishindwa? Mtakwenda kumnyang'anya presi?

Mleta mada

Presi ni chuma tu, abaki nayo. Hauziwi praima mpaka apite.

Mchangiaji wa pili

Na alizonazo tayari ndani?

Mchangiaji wa tatu

Hilo ndilo swali. Mimi mwenyewe ninazo za miaka hiyo, na bado zinawaka zote.