Mkata miwa si mjamzito wala mwanafunzi, basi chandarua hana!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupamba.

Msimu wa miwa ukifunguliwa, mabasi yanashusha vijana kutoka Makete, Njombe na Mufindi kwenye mabonde ya Morogoro. Wametoka kwenye baridi ambako malaria ni ya nadra, miili haijaizoea, wanatua penye mbu. Sasa ulizia chandarua. Ukiacha kampeni za mara moja moja, vya bure vya serikali vina milango miwili: shule ya msingi, na kliniki ya wajawazito na watoto. Kijana wa miaka 24 aliyelala kambini hana mlango. Hakuna aliyekusudia kumnyima. Waliopanga walihesabu kaya, na kambi si kaya.

Akiugua anapewa dawa ya mseto, vidonge 24: vinne papo hapo, vinne saa 8 zikipita tangu dozi ya kwanza, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Siku ya pili homa inashuka, anarudi shambani, na vidonge 8 vilivyobaki anampa mwenzake wa kitanda cha jirani. Wahudumu wanamwita mkaidi. Mkaidi gani, wakati analipwa kwa alichokata na siku ya kuumwa ni sifuri? Mgongo ukimkaza anameza diklofenaki ya duka la dawa, huku anatoka jasho kwenye masizi ya miwa iliyochomwa na maji ya kunywa hayatoshi. Figo zinalipia hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria ipo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamnyima likizo ya malipo mwenye utumishi chini ya miezi 6, KISHA kinamtoa wazi kwenye katazo hilo mfanyakazi wa msimu. Kwa hiyo na likizo ya ugonjwa inamhusu: hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Nyapara wangapi wamewahi kukitamka kifungu hicho kambini?

Fidia ni hivyo hivyo. Mchango wa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anautoa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hakatwi hata senti. Panga likimpasua mguu, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na madai yana muda wa miezi 12. Kinachotokea: kidonda kinashonwa kwa hela ya mgonjwa, daftarini anaandikwa "hakufika". Ukimtafuta mwajiri, nyapara anakupeleka kwa mkandarasi, mkandarasi kwa chama cha wakulima, chama kwa mwenye shamba. Wazee wetu waliitwa manamba kwenye mkonge, lakini angalau walikuwa na namba! Kama una ndugu huko, mwambie apige picha ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio kila wiki, asifute ujumbe wa malipo ya simu, na ED (karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazini) aliyopewa hospitali iwe na tarehe, muhuri na jina la daktari. Bila hivyo hana pa kuanzia.

La mwisho ndilo zito. Njombe na Iringa ndiko maambukizi ya VVU yalipo juu kuliko mikoa mingine, na ndiko wengi wa hawa wanakotoka. Aliye imara kwenye dawa anaweza kupewa za miezi 6, vidonge 180, lakini lazima aseme mapema kliniki kwamba anasafiri. Wengi wanaondoka kimya na za mwezi mmoja. Wengine wanazihamishia kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kopo linagonga na chumba kizima kinasikia. Nje ya kopo zinapata unyevu. Zikiisha, kliniki ya karibu inafunguliwa asubuhi siku za kazi, saa ambazo yeye yuko shambani tangu alfajiri. Akijitoa mhanga akafika, anaambiwa kalete barua ya uhamisho. Jamani, namba yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ina tarakimu 14, na 8 za mwanzo zinataja mkoa, wilaya na kituo alikotoka. Pigeni simu huko! Kumrudisha mtu mikono mitupu ni kumwandika mtoro wa dawa kwa mkono wenu wenyewe.

Maafisa wa halmashauri zenye kambi mnaosoma humu, naomba jibu moja tu: chandarua cha kambini kinatoka kwenye bajeti ya nani? Msinijibu "wadau".