Nyumba ya Kivictoria Southville, Bristol: tuulize nini kabla hatujataja bei?

Kutoka: Dada wa Bristol

Ndugu zangu, habari za wiki nzima.

Mimi na mume wangu tumekwenda kuangalia nyumba Southville, karibu na North Street. Ni nyumba ya safu ya enzi ya Malkia Victoria, imekarabatiwa yote. Jiko limefunguliwa mpaka bustanini, kuta zina lipu mpya, madirisha mapya, na darini pametengenezwa chumba cha nne cha kulala. Wanataka pauni 620,000. Watoto wameupenda mtaa: kuta zimechorwa kila upande, ukumbi wa michezo ya kuigiza uko ndani ya kiwanda cha zamani cha tumbaku, na shule inafikika kwa miguu.

Tangu tuje huku sisi ni wapangaji, hatujawahi kununua nyumba Uingereza. Mume wangu ana nyumba Tanga aliyojenga ili mama yake akae. Tunaomba wenye uzoefu mtuelekeze. Mzee wetu fundi, shikamoo, najua nyumba hizi umezishika miaka mingi.

Kutoka: Mzee Fundi, Bath

Marahaba mwanangu.

Jiko liacheni kwanza. Ulizeni kuta zimepigwa lipu ya nini. Nyumba nyingi za enzi hiyo, 1837 mpaka 1901, ukuta wake hauna uwazi katikati. Ni jiwe au tofali lililoshikwa kwa chokaa. Mvua inaingia kidogo, upepo unaitoa. Ukiuziba nje kwa saruji na ndani kwa jasi na rangi ya plastiki, maji yanakwama humo humo. Aliyeona nyumba ya Mji Mkongwe Unguja iliyopigwa saruji juu ya mawe na chokaa anajua kinachofuata: lipu inavimba, inatoa chumvi, inadondoka. Huku unyevu unaweza kusubiri msimu mmoja au miwili ya baridi ndipo ujitokeze, na nyumba iliyokarabatiwa ili iuzwe huwa imeshauzwa kabla ya hapo. Ndiyo maana ninaogopa lipu mpya kuliko lipu kuukuu yenye nyufa.

Rudini siku ya mvua. Wekeni kiganja ukutani chini ya dirisha la mbele, na nyuma ya makabati. Fungueni stoo ya chini ya ngazi mnuse, maana mafundi wa haraka hawafiki huko.

Kisha tazameni nje, chini ya ukuta wa mbele. Karibu na ardhi mtaona matofali yenye matundu. Hayo yanapitisha hewa chini ya sakafu ya mbao. Mwenye nyumba akipandisha baraza au udongo mpaka yakazibika, boriti zinaoza na juu husikii kitu. Jiko lililoongezwa nyuma kwa sakafu ya zege nalo huziba njia ya hewa upande wa pili, isipokuwa fundi amepitisha mabomba chini ya zege. Mwulizeni dalali mabomba hayo yanatokea wapi. Akishindwa kujibu, aende kwa mwenye nyumba.

Chumba cha darini msikihesabu kuwa chumba cha kulala mpaka mwone cheti cha kukamilika cha ukaguzi wa ujenzi. Cheti hicho kinahusu uimara wa sakafu, ngazi, na njia ya kukimbilia moto ukizuka, pamoja na milango inayostahimili moto. Wanangu, watoto ndio watakaolala huko juu. Kama hakuna cheti, toeni bei ya nyumba ya vyumba vitatu, na hata hivyo mtoto asilale humo.

Ukuta uliovunjwa kufungua jiko nao una karatasi zake: hesabu za mhandisi za ule mhimili wa chuma, na cheti. Mahali pa kuwashia moto pakiwa pameondolewa chini, pandeni juu muone kama dohani bado ipo, na imebebwa na nini. Madirisha yaliyobadilishwa tangu 2002 yawe na cheti cha FENSA, mpango unaosajili mafundi wa madirisha, au cha halmashauri. Kama kazi imegusa ukuta wa pamoja na jirani, kuna sheria ya 1996 inayodai jirani apewe taarifa ya maandishi. Ombeni taarifa hizo.

Tathmini ya benki si ukaguzi wenu, benki inalinda fedha yake. Lipieni mkaguzi wa RICS, chama cha wapima na wakaguzi wa majengo, ukaguzi wa daraja la 3, ule wa kina zaidi. Na mwambieni mwanasheria achukue taarifa ya migodi. Eneo lenu lote hilo la Bedminster lilichimbwa makaa ya mawe. Mgodi wa Dean Lane ulifungwa 1906, na leo juu yake kuna bustani ambapo vijana wanacheza na vibao vya magurudumu.

Kutoka: Dada wa Leicester

Mzee ameyamaliza ya ukuta. Mimi ninarudi kwenye nyumba ya Tanga, dada yangu, kwa sababu hiyo inaweza kuwagharimu kuliko unyevu.

Ushuru wa stempu wa England, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, kwa viwango vya tangu 1 Aprili 2025, hauanzi mpaka pauni 125,000. Kutoka hapo mpaka 250,000 ni asilimia 2, na kutoka 250,000 mpaka 925,000 ni asilimia 5. Kwa 620,000 mnadaiwa 21,000. Nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza msiihesabu. Kikomo chake ni bei ya 500,000, na hata mngepata nyumba ya bei hiyo, mtu aliyewahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani hahesabiwi kuwa wa mara ya kwanza. Mkinunua wawili, lazima wote wawili muwe wa mara ya kwanza.

Halafu kuna nyongeza. Tangu 31 Oktoba 2024, anayenunua nyumba akiwa na nyingine hulipa asilimia 5 zaidi juu ya bei yote. Nyingine hiyo si lazima iwe Uingereza. Mume na mke wanaoishi pamoja wanahesabiwa pamoja, kwa hiyo kuandika jina lako peke yako hakuwaokoi. Ni pauni 31,000 juu ya zile 21,000, jumla 52,000, zinazotakiwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Anayeuza nyumba aliyokuwa akiishi ana njia ya kuepuka nyongeza au kurudishiwa. Mpangaji hana nyumba ya kuuza, kwa hiyo njia hiyo kwenu haipo.

Wengi wetu tunajengea wazazi nyumbani na hati tunaandika majina yetu. Ni jambo jema, nami nimelifanya. Ila mbele ya sheria ya huku ile ni mali yako, hata kama hujalala humo usiku mmoja.

Mpaka wenu upo kwenye thamani. Kama sehemu ya mumeo katika nyumba ile ni chini ya pauni 40,000 kwa bei ya soko siku mnayonunua, haihesabiwi kwenye nyongeza. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa, aandike thamani kwa shilingi na aweke tarehe, mwanasheria aione kabla hamjataja bei kwa dalali. Kiwanja kitupu hakihesabiwi. Pagala ni habari nyingine, kwa sababu nyumba inayojengwa inaweza kuhesabiwa, kwa hiyo anayejenga sasa naye aulize. Aliyerithi hisa isiyozidi nusu ndani ya miaka mitatu iliyopita ana msamaha wake.

Na asije mtu akawashauri mkae kimya kuhusu Tanga. Ile fomu ya ushuru mnatia sahihi ninyi.

Kutoka: Kaka wa Bedminster

Karibuni mtaani shemeji. Michoro ile ya kuta ina historia: tamasha la Upfest lilianza hapa 2008 na wachoraji wanatoka nchi nyingi. Kiwanda mnachokisema kilikuwa cha akina Wills, matajiri wa tumbaku, kikaponea kubomolewa baada ya George Ferguson kukinunua, yule aliyekuja kuwa meya wa kwanza wa Bristol aliyechaguliwa na wananchi. Ni mtaa mzuri kulea watoto.

Southville kuegesha gari kunahitaji kibali cha mkazi. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hulipa pauni 9 kwa siku likiingia eneo la hewa safi katikati ya jiji. Na nendeni Jumamosi usiku mkasimame nje ya nyumba hiyo, msikie mtaa baa zikifungwa.

Kutoka: Dada wa Bristol

Asanteni sana, Mungu awalipe. Hilo la Tanga hakuna aliyetuambia, hata dalali. Mume wangu ameshampigia kaka yake atafute mthamini. Swali moja tena: sehemu ya fedha yetu ya kuanzia ni ya upatu, na nyingine shemeji yangu ametupa. Itakubalika?

Kutoka: Dada wa Leicester

Itakubalika ikiwa ina nyayo. Mwanasheria wa huku analazimika kisheria kujua fedha imetoka wapi. Ya shemeji inahitaji barua yake kwamba ni zawadi, hadai irudishwe wala hana hisa katika nyumba, pamoja na kitambulisho na taarifa yake ya benki. Ya upatu, mweka hazina wenu aandike orodha ya michango na zamu, na michango yenu ionekane ikitoka benki mwezi kwa mwezi. Mliyopeana mkononi ndiyo itakayowasumbua. Anzeni kukusanya karatasi leo, kwa sababu England mpaka mnunuzi na muuzaji wabadilishane mikataba iliyotiwa sahihi, muuzaji anaweza kumpa mwingine aliyeongeza bei, na wanaocheleweshwa na karatasi ndio wanaopitwa.

Kutoka: Mzee Fundi, Bath

Mkipata miadi ya pili nijulisheni, nitakuja na tochi na kipima unyevu. Mwombeni dalali ruhusa mapema, kwa maandishi, tuinue ubao mmoja wa sakafu chumba cha mbele.