Sofboli: mkimbiaji aliyeondoka kabla mpira haujadakwa, na pointi iliyokataliwa

Mkazi wa Uyole (Mbeya)

Habari za leo, wanajukwaa. Sisi ni kundi la walimu na wafanyakazi tunaocheza sofboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kwenye vituo vinne viitwavyo besi) ya kujifurahisha kila Jumamosi hapa Uyole, kwenye uwanja ambao besi zake ni magunia yaliyojazwa mchanga na mistari yake huchorwa kwa majivu. Wiki iliyopita mchezo ulisimama kwa sababu ya ubishi. Tulikuwa na auti moja (yaani mchezaji wetu mmoja alikuwa ameshatolewa; zikifika tatu zamu yetu ya kupiga inaisha), mimi nikiwa besi ya kwanza na mwenzangu besi ya tatu. Mpigaji aliupiga mpira juu sana kuelekea nyuma ya uwanja, nami nikidhani utaanguka nikatimka kwenda besi ya pili. Mpira ukadakwa, ikawa auti ya pili. Mwenzangu, aliyekuwa amesubiri udakwe kwanza, alikimbilia nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta pointi, akafika salama; mimi nilipokuwa ninarudi, mpira ulirushwa kwa mlinzi wa besi ya kwanza, naye akalikanyaga gunia bila kunigusa. Mwamuzi wetu, ambaye ni mwenzetu aliyeteguka mguu, alisema kwamba mimi ni auti ya tatu na pointi ya mwenzangu haihesabiwi. Je, alikuwa sahihi?

Kihesa Juu (Iringa)

Pole, ndugu, lakini mwamuzi alikuwa sahihi. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, kila mkimbiaji aliyeondoka mapema hana budi kurudi kwenye besi yake, na mlinzi mwenye mpira akiikanyaga besi hiyo kwanza, mkimbiaji ametoka. Kwa kuwa hukuguswa mwilini, hiyo ni auti ya kulazimishwa, na auti ya tatu ikiwa ya kulazimishwa hakuna pointi inayohesabiwa.

Mwalimu wa michezo (Njombe)

Ndugu yangu wa Kihesa amepatia nusu ya kwanza tu. Kosa lake ni la kawaida sana, na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa misimu miwili kabla ya kusahihishwa.

Mkimbiaji hulazimika kuiacha besi yake kwa sababu moja tu: mpigaji amekuwa mkimbiaji na anahitaji nafasi ya besi ya kwanza, kwa hiyo aliyekuwapo anasukumwa mbele, kama abiria kwenye daladala iliyojaa. Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametoka papo hapo na hakuna tena anayekusukuma. Wewe uliondoka kwa hiari yako, na ulitolewa kwa sababu ya kuondoka mapema, jambo ambalo linafanana na kulazimishwa kwa kuwa mlinzi hakuhitaji kukugusa, lakini si kulazimishwa. Kwa hiyo kinachotazamwa ni wakati: ikiwa mwenzako alikanyaga besi ya nyumbani kabla mlinzi hajaikanyaga besi ya kwanza, pointi inahesabiwa, kama alichelewa, haihesabiwi.

Kwa kanuni hiyohiyo, mpira ukiviringika chini na mlinzi wa besi ya kwanza akaukamata, akakanyaga besi yake, kisha akaurusha besi ya pili, mkimbiaji anayekwenda huko hatoki mpaka aguswe kwa mpira, maana aliyekuwa akimsukuma ameshatoka.

Mkazi wa Uyole (Mbeya)

Nashukuru sana, Mwalimu. Mwenzangu alikuwa ameshafika na kuanza kunywa maji, kwa hiyo tulinyimwa pointi yetu. (Tulishindwa kwa pointi moja.) Swali dogo: mtu akiipita besi ya kwanza kwa kasi, anaweza kuguswa na kutolewa?

Dada wa Tukuyu (Rungwe)

Mpigaji anaruhusiwa kuipita besi ya kwanza, mradi arudi moja kwa moja na asijaribu kwenda ya pili. Kugeukia kushoto pekee si kosa. Kosa ni kuonyesha nia ya kuendelea, na hapo akiguswa ametoka. Besi ya pili na ya tatu hazina msamaha huo.

Nawashauri pia muweke magunia mawili ubavu kwa ubavu pale besi ya kwanza. Besi pacha rasmi ina sentimeta 38 kwa 76, nusu nyeupe ikiwa ndani ya uwanja kwa ajili ya mlinzi, na nusu ya rangi ya chungwa ikiwa nje ya mstari kwa ajili ya mpigaji anayekimbia. Sisi tuliianzisha baada ya watu wawili kugongana vibaya magotini, wote wakiwa wanalitazama gunia moja.

Mkazi wa Uyole (Mbeya)

Gunia la pili lipo, nitalipaka rangi kabla ya Jumamosi. Jibu la Mwalimu nimelichapisha ili nimpelekee mwamuzi wetu, ambaye bado anachechemea na bado anabisha.