Punguzo la asilimia 5 limekuwa fimbo ya kutuchapia wafanyakazi wa supamaketi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka ruka.

Juzi tuliitwa kikao cha asubuhi kabla ya kufungua duka. Mwenzetu mmoja akajitoa mhanga, akaulizia usafiri wa zamu ya usiku, maana tunafunga saa nne na kabla hujahesabu droo na kukabidhi ni saa tano kasoro. Meneja hata hakumwacha amalize. "Punguzo tunawapa, bado mnalalamika? Mnataka nini tena?" Kikao kikaishia hapo. Tukapiga makofi ya adabu, tukaenda kuvaa fulana.

Sasa hilo punguzo nataka mlione lilivyo.

Mimi ni keshia, supamaketi moja huku Masaki, Dar es Salaam, jina naliacha kwa sababu mtoto bado anasoma. Ukimaliza miezi mitatu ya majaribio unapewa kadi ya mfanyakazi, asilimia 5. Ukisikia hivyo unaona umeula. Halafu unasoma karatasi iliyobandikwa chumba cha kubadilishia nguo: punguzo halihusu sukari, mchele, unga, mafuta ya kula, maziwa ya watoto, vocha za simu, wala kitu chochote ambacho tayari kiko kwenye ofa. Kilichobaki ni jibini, mvinyo, mafuta ya zeituni na chakula cha paka. Paka! Mimi Mwananyamala paka wangu anakula vichwa vya dagaa na hajawahi kulalamika.

Vitu vyenye punguzo ambavyo mtu kama mimi ananunua ni sabuni, dawa ya meno, pampasi na taulo za kike. Nimekusanya risiti zangu za mwezi uliopita: jumla 23,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 1,150. Nauli yangu ya kwenda kazini asubuhi moja, magari mawili, ni 1,200. Yaani punguzo la mwezi mzima halinifikishi kazini hata mara moja, nashukia njiani.

Ngoja niweke na mshahara wazi, maana tukiendelea kuoneana aibu hatutafika. Nalipwa 320,000. NSSF wanakata asilimia 10, yaani 32,000, na kodi 1,440. Nabaki na 286,560. Zamu za usiku ni kama 13 kwa mwezi, na saa tano usiku daladala za kwetu ni za kubahatisha, boda ni 4,000. Hizo peke yake ni 52,000. Ukijumlisha nauli nyingine za kwenda na kurudi mwezi unakula 98,800 barabarani. Hapo hujala, hujalipa kodi ya chumba, hujamnunulia mtoto daftari. Anayeniambia "punguzo tunawapa" aniambie 1,150 inaziba tundu gani hapo.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za usiku zinaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa utakayofanya humo mwajiri akuongezee angalau asilimia 5 ya mshahara wako wa msingi wa saa. Asilimia 5! Namba ile ile. Kwa mshahara wangu ni kama shilingi 80 na kitu kwa saa, haitajirishi mtu, najua. Lakini hiyo ya kisheria sijawahi kuiona kwenye salari slipu, na ile ya hisani ndiyo inatajwa kila kikao kama vile tumejengewa nyumba.

Na hata kulitumia lenyewe ni mtihani. Huruhusiwi kununua ukiwa zamu. Unasubiri umalize, unapanga foleni kwa keshia mwingine, supavaiza anasaini risiti, mlinzi mlangoni anaisoma mstari kwa mstari huku wateja wako wa mchana wanakuangalia unavyopekuliwa mkoba. Dada mmoja wa upande wa mikate alikuja na losheni yake kanunua Kariakoo, kopo limetumika nusu. Kwa vile na sisi tunauza hiyo hiyo, alikalishwa kwa mlinzi saa nzima anaulizwa risiti. Risiti ya losheni ya wiki tatu zilizopita, nani anatunza? Siku hizi anapaka nyumbani, kopo haligusi mkoba.

Mikate yenyewe ikifika usiku haijauzwa inahesabiwa na kutupwa. Kuinunua kwa nusu bei hairuhusiwi, ati "mtaanza kuificha makusudi". Basi.

Nilikotoka kabla ya hapa, Mikocheni, duka dogo kuliko hili, hakukuwa na punguzo hata senti. Mwaka wa kwanza nilinung'unika sana. Lakini saa saba mchana kulikuwa na ugali maharage, Ijumaa wali, na usiku Hiace ya ofisi inatuzungusha mpaka kila mtu anashuka karibu na kwao. Mshahara ulikuwa 280,000, nikahama kwa ajili ya hiyo 40,000 ya juu na hiyo kadi. Pigeni hesabu wenyewe nani alikuwa na hela zaidi mfukoni tarehe 20. Nilikimbilia kadi kama mtoto anayekimbilia puto.

Rafiki yangu yuko kiduka cha familia, wanakiita supamaketi kwa sababu kina kikapu cha magurudumu. Sikukuu anapewa mchele kilo 10 na mafuta lita 5, na bosi akiamka vizuri anaongeza kuku. Tulikuwa tunamwonea wivu. Siku alipoenda kuangalia NSSF yake, hakuna kitu, miaka minne. Hana mkataba wa maandishi pia. Kwa hiyo wanaosema "afadhali wa mchele" nao watulie.

Kuna kaka yuko ghala letu, mtu mzima, amevaa fulana nyingi. Alianza supamaketi ya Shoprite, 2014 wakauza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt, akavaa fulana mpya, Nakumatt nayo ikazama. Yeye akisikia vijana tunabishana punguzo anacheka tu. Anasema kadi zote zile alizitupa, alichoondoka nacho ni michango yake ya NSSF na cheti cha utumishi. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu anaangalia michango yake kama mtu anayeangalia mtego wa panya.

Najua atakuja mtu hapa aseme mbona hata Ulaya wanapewa punguzo. Sawa. Binamu yangu yuko Uingereza, anafanya kazi supamaketi ya Tesco. Kadi yao ni asilimia 10, na siku za karibu na mshahara inapanda mpaka 15, na anaitumia kununua chakula cha kawaida, siyo chakula cha paka. Na hapo hapo Uingereza, supamaketi nyingine, Aldi, hawana punguzo la mfanyakazi kabisa, lakini wanalipa hata muda wa mapumziko, na watu wanaacha kwingine kwenda huko. Kwa hiyo hata wenyewe wanajua punguzo siyo mshahara. Silinganishi pauni na shilingi, nalinganisha akili.

Halafu shoti, yaani hela inayopungua kwenye droo ya keshia. Keshia mwenzangu ukisoma hapa unajua nazungumzia nini. Mwezi wa nne mteja alinionyesha meseji ya malipo ya simu, nikamwachia mzigo, kumbe hela haikuingia. Shoti 48,000. Ikakatwa yote mwezi huo huo, hakuna barua, hakuna aliyeniuliza, nimeikuta kwenye slipu imeandikwa "mengineyo". Sheria inataka kabla ya kukatwa hasara uelezwe kwa maandishi na upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kiwango hakikufika robo, sawa, lakini maandishi yako wapi? Ukiigawa hiyo 48,000 kwa lile punguzo langu la 1,150 kwa mwezi, nahitaji miezi 41 na ushee ya kununua sabuni ili kurudisha shoti moja.

Nilipoulizia nikaambiwa niende kwa mhasibu, mhasibu akasema ni supavaiza, supavaiza akasema "dada, kazi zenyewe unaziona zilivyo". Nimeambiwa CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mgogoro wa namna hii unapelekwa ndani ya siku 60, na siku zangu zilipita nikiwa nazungushwa. Hilo kosa ni langu, nalibeba. Wanaofahamu TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wanaandikishaje watu wa supamaketi ambazo hazina tawi, naomba mnieleze, hata kwa meseji ya faragha (PM).

Na nyie mlioko maduka mengine, acheni kuandika "sisi tunapewa 10" halafu mnapotea. Andikeni halihusu vitu gani, usiku mnarudije, shoti inakatwaje, na kama ile asilimia 5 ya usiku kuna aliyewahi kuiona kwenye slipu aiweke hapa akiwa ameficha jina.

Naingia saa nane mchana leo. Majibu nitayasoma saa sita usiku, nikipata boda mapema.