Mwenzake amefariki akiruka peke yake, na zamu ya kijana wangu ni Jumamosi

Mama_Langata: Hamjambo. Kijana wangu ana miaka 19, anasomea urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Wiki iliyopita mwanafunzi mwenzake alipaa peke yake kwa ndege ndogo ya Cessna, hakurudi. Jana tumemzika. Sasa wangu ataruka solo Jumamosi. Babake anasema shamba tumeuza, hakuna kurudi nyuma. Jamaa wa Murang'a wamekodi matatu kabisa waje waone akimwagiwa maji, ile desturi ya anayeruka peke yake mara ya kwanza. Usingizi umenihama. Nimkataze?

Boda_Mtulivu: Pole. Lakini Thika Road watu wanakufa na haijafungwa. Mwache aruke.

Kunguru_Mzee: Boda, huyo mtoto ametoka makaburini jana!

Mama, pole sana. Nimerusha ndege ndogo miaka mingi. Uvumi wa WhatsApp kuhusu chanzo cha ajali achana nao. Wachunguzi hutakiwa kutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30, na kazi yao si kutafuta wa kulaumiwa.

Ninachojua ni hiki. Mwalimu akishuka, ndege inakuwa nyepesi ghafla: inapaa upesi, na ukitaka kutua inaelea tu. Tena Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jua likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi, injini inachoka. Mahali ninapopaogopa ni ile kona ya mwisho kabla ya kutua. Umepitiliza mstari wa barabara ya ndege, unakaza kona ili urudi, mwendo umepungua, bawa moja linaacha kubeba. Ndege inaanza kuzunguka ikianguka, na kwa kimo kile hakuna nafasi ya kuiokoa. Mwanafunzi hufundishwa asikaze kona. Aongeze nguvu ya injini, apae, azunguke upya. Kichwa kilichojaa msiba husahau hilo.

Usimkataze. Muulize kama anaweza kumwambia mwalimu "leo siruki". Mwalimu wa maana hatamlazimisha, atapanda naye tena. Lakini kwa hiyo matatu ya Murang'a, atasemaje?

Shangazi_SouthB: Hapo kwa matatu umenena.

Mama_Langata: Nimemuuliza usiku huu. Kumbe tangu msiba hajalala, alikuwa anaogopa babake. Kesho asubuhi naenda naye kwa mwalimu. Murang'a nimewapigia, wasije. Mzee amenuna, lakini chai amekunywa.