Nimeuziwa PVC kwa bei ya Hypalon, kiraka kikaniachia katikati ya bahari

Wakuu, nina wiki nzima na donge hili, leo nalitema.

Mimi napeleka wageni kisiwa cha Misali, natokea Wesha, Pemba. Mwaka jana nilivuka hadi Unguja kununua boti ya mpira ya mita nne. Nikamuuliza muuzaji: hii PVC, ile plastiki ya bei nafuu, au Hypalon, mpira wa kiwandani unaostahimili jua? "Hypalon hiyo sheikh, ya DuPont ya Marekani, imetoka kiwandani juzi tu." Nikamwaga milioni tisa bila kudai hata karatasi. Ujinga wangu huo, msinikumbushe.

Kaskazi ya kwanza tu, boti ikaanza kunata. Mgeni akikaa ubavuni saa saba mchana, akinyanyuka lazima aibandue suruali. Ukipitisha kiganja kinatoka na utando kama ulimbo wa fenesi. Pale nyuma petroli inapodondokea wakati wa kujaza tangi pamekakamaa, pana nyufa nyembamba. Nikajisemea labda chumvi.

Likaja bamvua. Maji yakapwa, boti ikakalia mwamba, chaza wakaitoboa. Tundu lenyewe hata kidole cha mwisho hakiingii. Nikapiga msasa, nikapaka gundi ya Hypalon, nikabandika kiraka na kukiacha siku nzima. Siku ya pili tunarudi kutoka Misali, watu wanne, jua kali, upepo wa ndani umevimba kwa joto, nasikia fyuuu. Kiraka kinaning'inia! Nimeliziba tundu kwa kiganja, mwenzangu anapiga pampu, mpaka Wesha. Mgeni mmoja alikuwa anacheka, akidhani ndiyo utalii wenyewe.

Fundi akakwangua kipande kwa msasa mbele yangu. Hypalon ukiikwangua inatoa unga na kufifia. Hii haikutoa kitu, inang'aa vilevile. PVC! Na kila moja ina gundi yake, ya Hypalon haishiki PVC hata uisomee dua. Kwa hiyo yule bwana hakunila pesa tu, uongo wake ndio ulioniachia kiraka kwenye maji ya kina.

Tena uongo wa kitoto. DuPont waliacha kutengeneza Hypalon 2010! Viwanda vingine vinatoa malighafi ileile kwa jina la CSM, na ni nzuri, ila "DuPont ya juzi" haipo duniani.

Na wale mtakaokuja kuitetea PVC, tulieni. Angeniambia ukweli ningeinunua kwa bei yake, nikaishonea turubai na kuivuta kivulini kila nikirudi. Anayevua Jumapili kwa Jumapili inamtosha. Lakini boti inayoshinda juani Pemba kila siku ya Mungu?

Nimempigia simu. Eti, "Sheikh, si zote mpira tu?" PVC ni plastiki wewe!

Aliye Unguja anayejua inapouzwa gundi ya PVC anijulishe. Nina wageni Jumamosi.